Kontrol boksi la Hilux: kabla hujalibadilisha, mtafute aliyeliua

Hilux ile ililetwa gereji kwa kuvutwa kutoka upande wa Makambako, na mwenye gari aliposhuka alikuwa ameshika mfuko wa salfeti. Ndani yake mlikuwa na kontrol boksi mbili, yaani kompyuta za injini: lililokuja na gari, na la pili alilolinunua kwa fedha ya viazi. Hilo la pili lilidumu siku tatu.

"Fundi, nimeambiwa ninunue la tatu," akasema. "Nikaona nije kuuliza kwanza."

"Umefanya la maana, mzee. Karibu ukae."

Tulipoyafungua yote mawili, yalikuwa yameungua mahali pale pale, kwenye transista moja inayoendesha valvu ya pampu ya dizeli, ile mafundi wanayoiita SCV. Maboksi mawili hayawezi kuungua sehemu moja kwa bahati mbaya. Ndani ya gari kulikuwa na kitu kinachoua, na la tatu lingekufa vile vile. Tulimpata muuaji baada ya nusu saa: waya wa SCV ulikuwa umechubuliwa na kishikio cha bomba, na kila injini ilipotikisika kwa mzigo, shaba iligusa chuma. Waya usiofika urefu wa kiganja ulikuwa umemla mkulima yule msimu mzima.

Ndiyo maana ninaandika haya. Nitaisemea zaidi Hilux Vigo, iliyoanza kutoka mwaka 2004, yenye injini ya dizeli ya 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0, kwa kuwa ndiyo imejaa mashambani na barabarani kwetu na ndiyo ninayoifungua mara nyingi. Ukiwa na ile ya zamani yenye 3L au 5L, hukuandikiwa wewe. Pampu yake ni ya kimakanika na haingoji amri ya kompyuta. Lakini pikapu nyingine za komon reli, yaani zenye bomba moja la presha (reli) linalolisha nozeli zote, ziwe Ranger, L200 au D-Max, hupimwa kwa mwendo huu huu, ingawa nafasi za pini hutofautiana.

Kabla ya yote, pata mchoro wa nyaya wa gari lako hasa, mwaka na injini. Bila mchoro unabahatisha, na kubahatisha kwenye soketi ya kompyuta kunaunguza.

Taa ya injini haiwaki kabisa swichi ikiwa ON

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayohukumu maboksi mengi mazima. Unaweka ufunguo ON bila kupiga stata, na taa ya njano yenye umbo la injini haiwaki. Unachomeka mashine ya kupima, haiongei na injini. Stata inazunguka vizuri, gari haliwaki. Fundi anasema, "Kontrol boksi limekufa." Anaweza kuwa sahihi, ila kuna mambo matatu yanayoleta dalili hizo hizo, na yote ni ya bei nafuu.

La kwanza ni umeme wa kuingia. Kompyuta ya Toyota ina waya wa BATT usiokatika hata ufunguo ukiwa umetolewa, na wa IGSW unaopata umeme ufunguo ukiwa ON. Kompyuta ikishaamka kwa IGSW, yenyewe inatoa amri kupitia pini ya MREL, rilei kuu inavuta, ndipo umeme mkubwa unapoingia kwenye +B. Kwa hiyo weka kidole juu ya rilei hiyo, mwenzio aweke ufunguo ON. Ikilia "tak", ujue boksi lina uhai ndani yake, kwa maana ndilo lililoiamuru. Isipolia, pima IGSW na fyuzi zake kabla hujasema neno.

La pili ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Nitalirudia hapo mbele, maana lina mtego wake.

La tatu ni volti 5. Kompyuta huzigawia sensa umeme wake maalumu wa volti 5 kupitia waya wa VC. Sensa ya presha ya reli, ya hewa kwenye manifoldi, ya EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye injini): moja tu ikipiga shoti ndani, au waya wake wa VC ukagusa bodi, volti 5 zinaanguka na ubongo wenyewe wa kompyuta unazimika nazo. Taa haiwaki, mashine haiongei, injini haishiki, na boksi ni zima kabisa.

Namna ya kulijua hili ni rahisi mno kiasi kwamba inaniuma nikiona mtu ameuziwa boksi bila kufanyiwa. Weka ufunguo ON, pima VC kwenye soketi ya sensa yoyote ya waya tatu. Ukikuta karibu volti 5, endelea na jambo jingine. Ukikuta sifuri au volti moja, anza kuchomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine huku jicho likiwa kwenye taa ya dashibodi. Ile utakayoichomoa taa ikawaka, hiyo ndiyo mgonjwa. Ukizichomoa zote na taa bado haijawaka, zima ufunguo, toa betri hasi, chomoa pini ya VC kutoka kwenye soketi ya kompyuta, rudisha umeme na upime upande wa boksi lenyewe. Hapo ndipo penye hukumu: kama BATT, IGSW, +B na athi zote ni nzima, na waya wa VC umeshatolewa, na bado volti 5 hazitoki, boksi limekufa kweli. Sijui kipimo kingine cha mita ya kawaida kinachothibitisha wazi kuliko hicho.

Umeme unaoonekana kwenye mita lakini haupo

Mita haivuti umeme. Waya uliooza ukabaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12.4 safi, lakini kompyuta ikiutegemea kwa kazi unaanguka hadi 6. Hapa ndipo mafundi wengi waangalifu hudanganyika, maana wamepima na wameona namba.

Tumia balbu ya indiketa, ya wati 21. Toa betri hasi, chomoa soketi za kompyuta, rudisha betri. Unganisha balbu kati ya chanya ya betri na kila pini ya athi kwenye soketi, E1, E01 na nyinginezo zilizo kwenye mchoro wako, moja moja. Iwake kwa nguvu ile ile kana kwamba umeiunga betri moja kwa moja. Ikififia, waya huo umeoza au kichwa chake kwenye injini kimeshika kutu. Fanya vivyo hivyo kwa BATT na IGSW, ukiunga upande wa pili kwenye hasi. Kwa +B kumbuka kwamba boksi likiwa limechomolewa rilei kuu haitavuta, hivyo toa rilei na uunge soketi yake kwa kipande cha waya chenye fyuzi katikati. Usiposhika hili utalaumu waya usio na kosa.

Usisukume ncha nene ya mita mbele ya pini. Inazitanua, halafu unakuwa umeleta ugonjwa mpya ambao haukuwepo. Tumia pini nyembamba ya cherehani, au pima kwa nyuma ya soketi.

Betri nayo iangaliwe mapema. Ikitulia iwe na volti 12.6 hivi. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6. Betri iliyochoka inayoshuka hadi 7 au 8 humfanya kompyuta azimike na kuamka katikati ya stata, na gari litakuonyesha vituko vyote vya boksi bovu. Injini ikiwaka, alteneta ilete kati ya 13.5 na 14.7.

Taa inawaka, stata inazunguka, injini haishiki

Ukiiona taa na mashine inaongea, kompyuta iko hai, na uwezekano wa yenyewe kuwa ndiyo kosa umeshuka sana. Piga stata huku ukitazama mizunguko ya injini kwenye mashine. Ikibaki sifuri wakati kranki, mhimili mkuu wa injini, inazunguka, kosa ni la sensa ya kranki au waya wake. Mizunguko ikionekana, tazama presha ya reli. Isipofika karibu MPa 20 wakati wa stata, kompyuta haitafungua nozeli; hapo tafuta chujio lililoziba, hewa kwenye mabomba, nozeli zinazorudisha mafuta mengi, au SCV. Ipime SCV kwa omu ikiwa ya baridi: kwenye pampu hizi za Denso huwa kati ya 1.9 na 2.3. Ikiwa chini sana ya hapo, tahadhari, imeanza kupiga shoti, na yenyewe ndiyo inayoweza kuchoma transista ndani ya boksi.

Halafu kuna msimbo wa hitilafu P0200, ambao umewafilisi watu. Kwenye Vigo nyingi kompyuta haifungui nozeli moja kwa moja. Hutuma ishara ndogo kwenye kijisanduku kingine chenye mapezi ya kupoozea, kinachoitwa EDU, nacho ndicho kinachopandisha umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa betri na kuufyatua kwenye nozeli. EDU ikishafyatua hurudisha jibu. Jibu lisiporudi, kompyuta huandika P0200. Kwa hiyo P0200 maana yake ni kwamba kompyuta inalalamika haijibiwi. Anayelalamika ndiye anayeuziwa mbadala! Anza na umeme na athi ya EDU, kisha nyaya za nozeli, kisha EDU yenyewe. Na usiziguse nyaya hizo kwa mkono injini ikifanya kazi. Ule si umeme wa kuchezea.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

Hii ndiyo inayochosha. Kompyuta inaweza kweli kuwa na risasi ya kulehemu iliyopasuka kwenye mguu wa kijenzi kimoja, ikipata joto inaachia. Lakini sensa ya kranki nayo hufanya hivyo hivyo, na iko kwenye joto zaidi. Gari likizima, usiondoke na ufunguo: haraka funika sensa ya kranki kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri dakika chache, piga stata. Likiwaka, umeshajua.

Kama sivyo, subiri siku ya pili asubuhi injini ikiwa baridi. Washa, iache sailensa, yaani iungurume bila kukanyagwa mafuta, kisha elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye boksi, nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Lipate joto la kuguswika, lisifike la kuunguza. Likizima hapo, na injini bado haijapata moto, umemshika mwizi na kidhibiti. Vile vile ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi na utikise nyaya zake. Ila ukitikisa nyaya na gari likazima, usikimbilie boksi. Kwanza toa soketi uangalie pini zilizolegea au zenye rangi ya kijani.

Misimbo P0601, P0604, P0605, P0606 na P0607 inaitaja kompyuta yenyewe, kumbukumbu zake na ubongo wake. Niikute, niandike, niifute, nihakikishe betri na athi, nitembeze gari. Ikirudi wakati umeme wote ni mzuri, naamini. Isiporudi, ilikuwa betri.

Aliyeliua ni nani

Tuseme umethibitisha limekufa. Bado hujamaliza, na hapa ndipo mzee wa Makambako alipopotezewa fedha.

Lifungue. Ukiona maji, kutu au unga wa kijani, chunguza yalikoingilia. Kwenye Vigo boksi linakaa karibu na feni ya hewa ya ndani, na pale chini ya vioo vya mbele kuna mfereji wa kupitisha maji. Gari linalolala chini ya mwembe hujaza majani mle, mfereji unaziba, na mvua ya masika inaingia kwenye feni na kumwagikia miguuni kwa abiria. Zulia likiwa bichi upande huo, umepata. Mpira wa kioo uliobandikwa vibaya baada ya kubadilisha kioo nao hufanya hivyo. Na waliopita kwenye mafuriko, kama yale ya Jangwani Dar es Salaam, wasijaribu kuwasha: toa betri, toa boksi siku hiyo hiyo, lioshe kwa spiriti safi ya isopropili, likaushe kabisa. Boksi lililoloa linaokolewa na haraka, na petroli si ya kuoshea saketi.

Ukiona transista iliyoungua, fuata mchoro ujue inaendesha nini, kisha pima kifaa hicho na waya wake mwanzo hadi mwisho. Zipitie nyaya kwa macho na vidole. Panya wanapenda sana nyaya za magari yanayolala karibu na ghala la mahindi, na wakishakula ganda la nje hurudi kila usiku mpaka uwazuie.

Ukiona uharibifu sehemu ya kuingizia umeme, swali linageuka, unamuuliza mwenye gari alichofanya. Kuna mambo matatu ninayoyasikia mno. Gari lilipokosa chaji, dereva wa Fuso alimsaidia kwa betri zake mbili, yaani volti 24. Au walichomelea bampa, keria au chesisi bila kutoa betri. Au fundi aliondoa terminali ya betri injini ikiwaka ili "kupima alteneta". Hili la tatu nalisema kwa uchungu: betri ndiyo inayomeza mawimbi ya alteneta, na ukiitoa injini inazunguka, volti zinaruka juu kwa kufumba na kufumbua na kuua chochote kilicho dhaifu. Kwenye magari ya 3L ulipona. Kwenye hizi huponi. Alteneta hupimwa kwa mita tu: DC kama nilivyotaja, kisha geuza kwenye AC, ikizidi nusu volti, dayodi zake zimeharibika na zitakula boksi jipya pia.

Kutafuta lingine

Si kila boksi bovu ni la kutupa. Transista ya SCV, kapasita, na risasi iliyopasuka, fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri anabadilisha. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajulikana kwa kapasita zinazovuja na kula saketi, na nyingi zimepona kwa kapasita mpya tu. Ubongo wenyewe ukiungua, hapo tafuta lingine.

Soma namba iliyobandikwa juu ya boksi. Kwa Toyota huanza na 89661, na kwa Hilux hizi hufuata 0K na herufi au tarakimu nyingine. Zilingane zote hadi ya mwisho. Gia ya mkono na otomatiki hazibadilishani, na lenye imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi unaotambua ufunguo) na lisilo nayo pia ni vitu viwili. Muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, akikuapia kwamba boksi lake la dizeli ya Vigo limetoka Japani, muulize vizuri: Toyota ilisimamisha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, kwa hiyo Vigo haikuuzwa kule. Mengi hutoka kwenye magari yaliyotengenezwa Thailand au Durban, na mengine hupitia Sharjah. Hilo halina ubaya, mradi namba zilingane na ukubaliane naye kwa maandishi siku za kulijaribu.

Kulifunga

Toa betri hasi, subiri dakika kadhaa. Gusa chuma cha gari kabla hujashika boksi, na usiziguse pini zake. Chomeka soketi hadi vishikio vilie, rudisha bolti zote na mabati yake, kisha betri.

Usishangae gari lisipowaka mara ya kwanza. Imobilaiza haimjui mgeni. Njia ninayoipenda ni kunakili kumbukumbu ya boksi la zamani kwenda jipya kabla ya kulifunga, kama la zamani bado linasomeka. Hapo funguo zako zinabaki zile zile. La sivyo utahitaji mashine ya kulitambulisha kwa imobilaiza.

Kisha nozeli. Kila nozeli ina msururu wa herufi na tarakimu juu yake unaoieleza kompyuta tofauti yake na wenzake. Usipoiandikia kompyuta mpya misururu yote minne, kwa mpangilio wa silinda, utapata P1601, injini inayogonga kama mtu anapiga nyundo na sailensa inayoyumba, na mtu atakuambia nozeli zimekufa. Piga picha misururu hiyo leo, hata kama gari ni zima, maana wino wake hufutika kwa joto na mafuta.

Baada ya hapo washa, liache lipate moto, kisha litembeze kwenye mlima likiwa na mzigo, mashine ikiwa imechomekwa na mwenzio akitazama presha ya reli na volti. Ya mzee wa Makambako tuliipandisha Kitonga na magunia juu. La kwanza lilitengenezwa transista likarudi kazini, kwa hiyo la tatu halikununuliwa. Waya wa SCV tuliupa njia mpya, mbali na kile kishikio, na kuufunga ganda la mpira.

Lile lililobaki alitaka kuniachia. Nilimwambia alifunge kwenye plastiki kavu aliweke kabatini, akiandika juu yake kwa kalamu ya wino: kimeungua cha SCV, vingine vizima.